Uji Aliokataa Nyanya

Leo, nikipita soko la Gakoromone, harufu ya uji wa wimbi uliochachuka ilinisimamisha. Nilimkumbuka nyanya alipougua akakataa kula, hata uji kama huo, nasi tukaogopa kwamba hatainuka tena. Asubuhi moja vigelegele vilisikika ng'ambo ya ua: jirani alikuwa amejifungua. Nyanya akatupa blanketi.

"Leteni kile kibuyu cha uji wangu. Mzazi hakai na njaa."

"Mama, rudi ulale," mama akamsihi.

"Nimelala ya kutosha. Mtoto wa watu atanyonya usingizi wangu?"

Alienda kwa jirani akiegemea bega langu, akarudi akiimba, mimi nikikimbia nyuma yake.

"Na mimi mmenipikia nini?" akauliza nyanya.

Akala mukimo wake, viazi na mahindi ya kuponda, akala na wangu. Sijawahi kufurahia njaa kama ile.