Kapteni Aloisi na Maji ya Mfongo

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya masika ambayo hainitoki. Ilikuwa miaka ile kampuni binafsi zilipoanza kurusha ndege hapa nchini. Nilikuwa rubani msaidizi, nimetoka chuo kikuu nikiwa na maswali mengi kuliko saa za kuruka. Nilihoji kila kitu. Nilihoji hata shikamoo, ingawa niliitoa kila siku kwa Kapteni Aloisi, mzee wa Kibosho aliyejifunza urubani wakati ndege zilipokuwa zikiongozwa kwa mikono na macho.

Mzee huyu alikuwa na tabia ya kusema kwa sauti kila alichogusa. Akizungusha kitufe cha mwelekeo anasema, "Nageuza kulia," kisha ananiangalia mpaka nijibu, "Unageuza kulia." Ndege yetu ilikuwa mpya, ina kompyuta ya kuiongoza, na kila kitu kilionekana kwenye skrini. Nikaona anajichosha bure. Siku moja, mbele ya wahudumu wawili, nikamwambia, "Mzee, kompyuta haina masikio. Unamsimulia nani?"

Wahudumu wakacheka. Yeye akatabasamu, akafunga mkanda. Tangu hapo akawa anabonyeza kimya. Nikadhani nimeshinda.

Asubuhi ninayokuambia tulikuwa tunatoka Mwanza, tunakuja kutua huku kwetu chini ya Mlima. Mlima Meru ulikuwa kushoto kwetu, umefunikwa na mawingu kama haupo. Mbele palikuwa na wingu jeusi, na kulia palikuwa peusi zaidi. Kapteni alikuwa anaongea na mnara wa kuongozea ndege kwenye redio. Nikageuza ndege kushoto kidogo, nikiwa na nia ya kuirudisha. Sikusema neno. Kisha nikainama kujaza fomu ya safari, nikasahau. Kompyuta ikaendelea kufanya ilichoambiwa.

Baada ya muda Mzee akauliza, polepole, kama mtu anayeomba radhi, "Msomi, tunaelekea wapi?"

"Nyumbani, Mzee."

"Hebu tazama."

Kabla sijainua kichwa vizuri, mikono yake ilikuwa imeshafika. Akaizima kompyuta, akainua pua ya ndege, akageuza kulia. Wingu likapasuka dirishani kwake, upande wa kushoto, nikaona miti. Haikuwa chini yetu, mwanangu. Ilikuwa pembeni. Nyuma yetu kulikuwa na abiria arobaini, na mtoto mmoja alikuwa akilia tangu Mwanza. Dakika ile nilimsikia vizuri sana.

Hakunigombeza. Mchana akanipandisha kwake Kibosho, mkewe akatuandalia machalari, ndizi zilizopikwa na nyama, kisha tukaingia kihambani, katikati ya migomba. Zamu yake ya maji ilikuwa imefika. Mfongo, ule mfereji wa wazee wetu unaoteremsha maji ya mlimani, ulikuwa umezibwa kwa udongo na majani ya migomba. Akanipa koleo, akanituma chini nisimame pale maji yanapogawanyika.

"Nafungua," aliita kutoka juu.

Nikangoja. Maji hayakuja. Akaita tena. Nikangoja. Mwishowe nikapanda, nimekasirika.

"Mzee, mbona hufungui?"

"Mbona hujibu?"

"Nimesikia mara zote mbili."

"Umesikia wewe. Mimi nilijuaje? Ningefungua na wewe umelala huko, maji yangebeba maharage ya jirani."

Kisha akakaa kwenye jiwe, akasema jambo linaloniuma mpaka leo. "Asubuhi niliona mshale wa mwelekeo unahama. Niliuona mapema. Nikasema, huyu msomi anajua anachofanya, nikiuliza atanicheka."

Nilitaka kumwomba msamaha. Badala yake nikamuuliza maji yanafungwa saa ngapi.

Mwaka huohuo akastaafu. Nilipopata ujasiri wa kupanda tena Kibosho, nilimkuta mkewe peke yake akichambua maharage, na msalaba wa mbao kando ya mfongo.

Siku hizi ninarusha ndege kubwa zaidi, na kompyuta zake zinajua mengi. Nikipita Meru bado nasema kwa sauti, "Nageuza kulia." Katika kile kimya kifupi kabla kijana aliye pembeni hajanijibu, ninamngoja Mzee. Ningefurahi hata aniite msomi kwa kejeli.

Mwanangu, sikuambii uache kuuliza. Mimi mwenyewe sijaacha, na wapo wazee niliowahoji nikawakuta hawana jibu. Ila uliza kwa namna ambayo mwenzako naye atathubutu kukuuliza. Ukigusa chombo, sema. Ukiambiwa, jibu, hata kama umesikia vizuri. Usimcheke mtu mpaka akanyamaza, maana hujui ni siku gani utaihitaji sauti yake. Na ukiwa na neno la msamaha kwa mzee, litoe kwanza, habari za maji zifuate.

Mungu akupe mwenzako anayeitika kila unapoita, na akushushe salama, wewe na wote waliokaa nyuma yako.