Mbaazi za Isihaka

Bibi Biasha alihamia mtaa wetu wa Nachingwea, nyuma ya kambi ya Wazungu wa kilimo cha karanga, akimfuata binti yake Sikuzani na mkwewe Isihaka, kibarua wa kambi. Kule Chinongwe walikotoka, kisimani yeye alikuwa wa kwanza. Umri ulikuwa umekwenda, lakini kwa mwendo aliwaacha wasichana nyuma.

Mtaa wetu ulikuwa wa wanyonge. Matingatinga yaling'oa miti yote, na njia ya kisimani ilibaki moja, katikati ya uwanja mtupu. Hiyohiyo ndiyo aliyopita Isihaka kwenda kazini na kurudi. Na kwetu sisi, mama mkwe na mkwewe hawakutani uso kwa uso njiani. Mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Sasa kichaka kiko wapi?

Asubuhi moja wakakutana palepale katikati. Bibi Biasha alitua mtungi, akachuchumaa, akajifunika kaniki gubigubi. Isihaka akageuka akatimua mbio kurudi alikotoka. Vibarua wenzake walicheka mpaka wakakaa chini.

Tangu siku hiyo bibi hakutoka tena. Alimwambia bintiye miguu inamuuma. Sikuzani akawa anamletea maji, anamkanda kwa mafuta ya ufuta, anamwombea dua. Majirani wakatania, "Mama Sikuzani siku hizi mzungu, maji yanamfuata mlangoni." Basi uongo ule mdogo ukageuka kweli. Kiangazi kilipokuwa kinakwisha, hakuweza kunyanyuka mkekani bila kushika ukuta, na swala aliiswali amekaa.

Ndipo alipokuja shoga yake Ashura kutoka Chiola, kwa miguu, na kikapu cha muhogo kichwani.

"Biasha, mimi na wewe tulichezwa unyago mwaka mmoja. Mbona umenitangulia kuzeeka?"

"Miguu, shoga."

"Miguu imefanya nini?"

Bibi Biasha akasema polepole, "Haikufanya kitu. Nikikutana na mkwe, nitajificha wapi? Nyuma ya mtungi?"

Ashura alicheka, halafu akamtazama magoti na kicheko kikamwisha. Jioni hiyo alimweleza Sikuzani, naye akamweleza mumewe.

Kesho yake Isihaka alianza kuzunguka mbali, kwa upande wa mashamba, kwenda kazini. Mvua za kwanza ziliponyesha, alionekana na jembe, anapanda mbaazi kando ya njia ya kisimani, kulia na kushoto. Watu wakamuuliza shamba gani hilo jembamba kama mkanda. Akajibu, "La mama."

Bibi Biasha naye akaanza kutembea. Kwanza hadi jikoni kwa Sikuzani, kisha hadi mwanzo wa mbaazi, akizipalilia kidogo na kupumzika. Zilivyorefuka ndivyo alivyosogea mbele. Zilipompita kimo, Isihaka aliirudia njia ile, na Mungu alimjalia bibi kufika kisimani na kurudi na mtungi wake, ingawa wa nusu.

Siku moja akiwa njiani alisikia kikohozi cha Isihaka. Akaingia nyuma ya mbaazi, akangoja. Hatua zikafika usawa wake, zikasimama.

"Shikamoo, mama," sauti ilisema, imegeukia upande wa pili.

"Marahaba, baba," bibi akajibu kutoka kwenye majani. "Mbaazi zimekomaa. Lakini usizikate bado."