Siku Anti Hui Alipovaa Sare ya Mama

Harufu ya tangawizi ikichemka ndani ya uji wa mchele hunirudisha Wheaton, mji mdogo wa Marekani, kwenye nyumba ya matofali mekundu ambako mama yangu alikuwa akimhudumia mwanamke mzee wa Kichina. Juzi nilikuwa napita nje ya mgahawa mmoja hapa Silver Spring, mtu akafungua mlango, harufu ile ikanijia usoni. Nikasimama pale njiani kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Nilikuwa na miaka minane. Shule zilikuwa zimefungwa na Mama hakuwa na mtu wa kumwachia, basi akaniombea ruhusa niwe nakaa jikoni nikichora. Mwenye nyumba alikuwa Anti Hui, mhasibu mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye kazi zake alizifanyia kwenye chumba cha juu. Mgonjwa alikuwa mama yake mzazi, tuliyemwita Bibi. Mama alinisemesha Kiswahili, mimi nikamjibu Kiingereza, na Bibi akatusikiliza sote wawili kwa adabu, akitikisa kichwa kana kwamba mazungumzo yanamhusu.

Katika nyumba ile hakuna aliyegusa chakula kabla Bibi hajaonja. Bakuli la kwanza lilikuwa lake, na Anti Hui alimpa kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Jioni alipiga magoti akamwosha miguu. Mama angeweza kuifanya kazi hiyo, lakini hakuachiwa. Kaka yake Anti Hui, aliyeishi jimbo la mbali, alikuwa akipiga simu kumshauri ampeleke Bibi kwenye makao ya wazee. Anti Hui alimjibu kwa upole, kisha akakata simu na kusugua sufuria iliyokwisha kuwa safi. Baba yao alipokuwa anakata roho, Anti Hui alimwahidi kwamba Bibi atatunzwa na mikono ya mwanawe.

Kisha Bibi akaanza kusahau. Alianza na miwani, akaja kwenye majina ya majirani, mwisho akamsahau Anti Hui. Asubuhi moja alipoletewa uji alifumba midomo, akalisukuma bakuli, akamwangalia mwanawe kama mtu aliyeingia kwa dirisha. Mama alipochukua kijiko, akala. Ikawa hivyo siku zote zilizofuata. Aliyemwamini ni Mama, mwenye sare yake ya kazi ya zambarau. Anti Hui alibaki amesimama mlangoni, mikono haina kazi.

"Rehema," alimwambia Mama siku moja, "niazime sare yako."

"Itakupwaya, dada."

"Nitaifunga kiunoni."

Siku hiyo, akilishwa na Anti Hui aliyevaa sare, Bibi alimaliza bakuli zima. Mimi nilifurahi, nikadhani ni maigizo, na nikamwona Anti Hui mwigizaji hodari. Walizungumza Kichina kwa muda mrefu, yeye akitabasamu. Alipokuja jikoni kuosha bakuli, tabasamu lilikuwa bado halijamtoka.

"Anasema ana binti," alimwambia Mama. "Mtoto mwema, ila siku hizi haji kumwona. Kaniuliza kama namfahamu."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia namfahamu. Nimemwambia yuko njiani."

Mama alilichukua lile bakuli kutoka mikononi mwake akalikausha.

Kwenye basi la kurudi nyumbani nilimuuliza kwa nini Bibi haambiwi ukweli.

"Tumeshamwambia," alisema. "Akiambiwa analia. Halafu anasahau anacholilia, kinabaki kilio."

Likizo ilipokaribia kwisha, Bibi alimaliza kula, akamshika Anti Hui kifundo cha mkono, akamwambia maneno machache. Anti Hui aliinuka, akatoka nje kwa mlango wa mbele, akaketi kwenye ngazi. Mama akamfuata, nami nyuma yake.

"Kanionea huruma," Anti Hui alisema. "Anasema nimeshinda hapa tangu asubuhi. Niende nyumbani, mama yangu ananisubiri."

Akalivuta shati la zambarau likafunika magoti. "Sasa niende wapi, Rehema?"

Mama aliketi kando yake.

Bibi alifariki majira ya baridi, bila kumtambua mwanawe tena. Miaka mingi nilidhani kilichomuumiza Anti Hui ni kusahauliwa. Sasa mama yangu mwenyewe ameanza kuniuliza jambo moja mara mbili, nami nakiona nisichokiona siku ile. Anti Hui alilelewa asipinge neno la mama yake, na hakuwahi kulipinga. Pale kwenye ngazi alikuwa ametumwa, kwa upendo mtupu, aende kwa mama yake. Aliyemtuma alikuwa ndani, anamsubiri.