Stara, fundi mota wa Kizota anayepima waya kwa mdomo

Saa moja na robo asubuhi, kabla mabati ya karakana hayajaanza kuchemka, Stara Amiri ameshika waya wa shaba kwa mikono miwili, anaupitisha juu ya mdomo wake wa chini. Anauvuta taratibu, macho ameyafumba. Mara anasimama.

"Hapa," anasema, akionyesha mahali ambapo mtu mwingine haoni kitu. Anachukua koleo, anakata kipande, anakitupa sakafuni na kuanza upya.

Kisha anaitazama simu iliyo mezani. Haijalia. Anainuka, anakwenda mlangoni, anarudi, anakaa, anainuka tena.

"Tulia basi, dada," anasema Gerson, mwenye karakana, bila kuinua kichwa. "Simu hailii kwa kutazamwa."

"Ungekuwa wewe ungetulia?"

Wote wawili wanajua ni simu ya nani wanayoisubiri. Ni ya Mzee Yoramu, mkulima wa mpunga huko Bahi, na neno lake ndilo litakaloamua kama Stara ataendelea kuwa fundi.

Stara ana miaka thelathini na tisa, na kumi na sita kati ya hiyo ameimalizia hapa Kizota, jijini Dodoma, akisuka mota zilizoungua: za mashine za kusaga, za pampu, za feni. Unatoa nyaya za zamani, unasuka mpya, unachovya kwenye vanishi, unakausha.

Waya mpya nao huja ukiwa umepakwa vanishi nyembamba. Ikichubuka mahali padogo kama punje ya ulezi, nyaya zinagusana, inapiga shoti, mota inaungua tena. Ndiyo maana fundi huupitisha waya wote katikati ya vidole kabla ya kuusuka. Na vidole vya Stara, jamani, vilijulikana mpaka Kongwa.

"Nilikuwa nasuka mota mbili kwa siku, huku napiga soga na kucheka," anasema. "Sasa moja inanila siku tatu."

Ilianza miaka miwili iliyopita. Vidole vya mkono wa kushoto vikawa kama vimevishwa soksi. Baadaye jicho moja likaingia ukungu kwa wiki mbili, likapona lenyewe. Kisha mguu ukawa mzito.

Akatibiwa malaria. Akatibiwa taifodi. Akaambiwa ni presha. Jirani mmoja akasema ni majini, mwingine akaapa kwamba ni umeme wa karakana umemwingia mwilini.

"Nilitibiwa kila kitu isipokuwa ugonjwa wangu," anasema, na kucheka kicheko kifupi.

Miezi kumi na minne ikapita hivyo. Mwishowe akapigwa picha ya ubongo, na Dk. Ruthu, bingwa wa mishipa ya fahamu, akampa jina la ugonjwa: multiple sclerosis, ambao madaktari huuita MS. Ni ugonjwa ambao wengi wetu hatujawahi kuusikia.

"Aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia nasuka mota. Akaweka kalamu chini, akasema, basi wewe sitahangaika kukueleza."

Neva, alimwambia, ni waya. Umefunikwa kwa utando wa mafuta, kama vanishi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, imegeuka na inauchubua utando huo. Amri ya ubongo inapotea njiani.

Mgonjwa mwingine angeuliza atapona lini. Stara aliuliza, "Anayechubua ni nani?"

Dk. Ruthu anakumbuka vizuri. "Nikamwambia wako wengi, lakini kuna kundi moja linawashangaza watafiti. Kingamwili, zile protini za kinga zilizomo kwenye damu, kwa kawaida hushika adui na kumng'ang'ania, wengine waje wammalize. Sasa kwa baadhi ya wagonjwa wa MS zimeonekana kingamwili zinazokata zenyewe. Kila moja inashika protini ya ule utando, inakata, inaachia, inafuata nyingine."

Akamwonyesha picha ya maabara kwenye simu yake. Upande mmoja mchirizi mmoja mnene: protini nzima. Upande wa pili, baada ya kukutanishwa na kingamwili za mgonjwa, michirizi midogo midogo.

"Nikaona kweli imekatwa," anasema Stara. "Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Changu hata nguoni hakipo, kimo kwenye damu."

Daktari anatahadharisha. "Hatujajua kama hizo ndizo zinazoanzisha ugonjwa, au zinakuta umeshaanza ndipo nazo zinaingia. Tusimdanganye mtu."

Alipoombwa damu kwa ajili ya utafiti huo, Stara aliuliza majibu yake achukue lini. Akaambiwa majibu ya mtu mmoja mmoja hayatolewi. Akawaka.

"Hapa mtu akileta mota, hata ikinishinda namwambia imenishindaje. Nyie mchukue damu yangu halafu mnyamaze?"

Wakavutana. Daktari akaahidi kuwaita wachangiaji wote kila Juni na kuwaeleza kazi imefika wapi. Ndipo Stara akakunja mkono wa gauni.

Lakini karakanani hakumwambia mtu. Alimeza dawa zake kimyakimya, akaendelea kusuka. "Fundi asiye na vidole ni fundi gani?" anauliza. Mficha maradhi kifo humuumbua, hunena wahenga. Yeye aliumbuliwa na mota.

Mwezi Februari Mzee Yoramu alileta mota ya pampu yake. Ilikuwa alasiri, joto limepamba moto, na joto ndilo adui mkubwa wa Stara: likizidi, ganzi nayo inazidi. Akaupitisha waya vidoleni kama kawaida. Akasikia laini mwanzo hadi mwisho.

"Hapo ndipo nilipaswa kushtuka," anasema, akijipiga kofi pajani. "Miaka kumi na sita sijawahi kukutana na waya ulio laini mwanzo hadi mwisho! Nikafurahi, mjinga mimi. Nikasuka."

Mota ilidumu siku tisa. Mpunga ulikuwa unachanua, mvua zimekata, na nusu ya shamba ikakauka.

Mzee alipopiga simu kulalamika, Gerson alikuwa na hakika kwamba waya ulikuwa feki. Alishavaa viatu vya kwenda kumvaa muuza duka. Stara angeweza kunyamaza, na nani angejua?

"Nilimwona anafunga kamba za viatu, nikashindwa. Nikamwambia, kaka Gerson, vua. Waya hauna kosa. Kosa ni langu."

Karakana ina kanuni yake. Mota ikiungua kabla ya miezi mitatu inasukwa upya bure, na mwenye mota ndiye anayechagua mkono, yaani fundi wa kuisuka. Mteja akikukataa, hukai tena kwenye meza ya kusukia.

"Sina ubaya naye," anasema Gerson, na sauti yake inaonyesha kweli inamuuma. "Lakini mteja akikataa mkono, nimlazimishe? Itabidi Stara akae mapokezi."

Jumatano iliyopita Mzee Yoramu alikuja na mota yake. Stara akamwamkia shikamoo, akamweleza yote, ugonjwa na ganzi na kuficha kwake. Mzee akasikiliza hadi mwisho.

"Shamba limekauka, na wewe unaniletea habari za vidole?" akasema. Akaiacha mota, akaondoka, akisema atapiga simu Jumatatu.

Jioni hiyo hiyo Stara alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Aliulowesha uzi kwa mate, na mdomo ukasikia kifundo kidogo ambacho vidole havikukisikia. Kesho yake akamtaka Gerson achubue waya kwa wembe mahali kumi, kwa siri. Stara akaupitisha mdomoni, akaonyesha kumi na moja. Wakabishana mpaka Gerson akaleta kioo cha kukuza. Ya kumi na moja ilikuwapo, ilitoka nayo kiwandani.

"Na mdomo nao ukizima?" anauliza sasa, tena amesimama. "Dawa zinapunguza mashambulizi, hazirudishi kilichokwenda. Hilo linanikosesha raha kila siku."

Leo ndiyo Jumatatu. Saa tatu na nusu simu inalia. Gerson anaipokea na kuweka spika.

"Mbukwa, Gerson," anasalimia mzee kwa Kigogo. "Huyo mama yupo?"

"Yupo, mzee. Anasikia."

"Mimi bado nina hasira. Mpunga wangu haurudi. Lakini nimesukiwa mota na mafundi wanne kabla yake. Zote ziliungua, na wote walisema ni umeme. Huyu ni wa kwanza kuniambia kosa ni lake. Asuke yeye. Ila asuke asubuhi."

Stara analia wazi wazi. Gerson anajidai anatafuta bisibisi.

Stara akishajifuta, anasema Juni atakaa kiti cha mbele kwenye mkutano wa Dk. Ruthu, na swali lake analo. "Hizo zinazokata, mmeshajua zinakata wapi? Nitauliza hilo mwaka huu, na mwaka ujao, mpaka wajue."

Anatazama jua mlangoni. Bado halijawa kali. Anaivuta mota ya Bahi mezani na kuanza kulegeza nati.