Treni ya Kupitia Dijon

Mdogo wangu anayesoma chuo huko Columbus alikuwa amekwisha kutuchagulia treni kabla mama hajaanza hata kufunga sanduku. Treni ya mwendo kasi. Inaondokea palepale chini ya uwanja wa ndege wa Paris, alisema, hamtoki hata nje kupigwa na baridi: mnateremka ngazi, mnapanda, mnasinzia kidogo, mnaamka Lyon. Kaka yetu wa Buffalo, ambaye alikuwa mapumzikoni kiwandani, mashine zikinguruma nyuma yake, akasema mtoto kasema kweli. Mimi niliyekuwa nasafiri na mama sikuulizwa kitu, lakini nilikuwa radhi kabisa. Nani atakataa treni ya namna hiyo?

Mama ndiye aliyekataa. Tulikuwa jikoni kwetu Beechmont, mtaa wa Louisville, Marekani, yeye anakunja vitenge vya zawadi, simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari, na wanawe wawili wanamwangalia kutoka humo.

"Hiyo inasimama Dijon?"

"Haipiti hata huko, mama. Ndio uzuri wake."

"Bon. Basi si yangu."

Mdogo wangu akianza kukasirika huhamia Kiingereza bila kujijua. Alipohamia, mama aliilaza simu kifudifudi mezani, akaendelea kukunja vitenge vyake. Tuliwasikia wale wawili wakibishana peke yao chini ya simu, mmoja Columbus, mwingine Buffalo, mpaka wakachoka.

Lyon anaishi mama mkubwa, dada yake mama, wa pekee aliyebaki. Walikuwa hawajasemezana tangu bibi alipofariki. Wakati ule sisi tulikuwa bado kwenye kambi ya wakimbizi Burundi, na mama mkubwa alikuwa ametangulia Ufaransa kwa mumewe. Alikuwa amelazwa hospitali, mimba inamsumbua, madaktari wamemkataza hata kuinuka kitandani. Mama akamzika bibi, akawaambia watu wote: mtu asimwambie dada yangu mpaka ajifungue. Akajifungua salama. Hapo ndipo mama angesema, lakini woga ukamshika. Leo, kesho, wiki ikazaa wiki. Mwisho mtu mmoja akamkuta mama mkubwa nje ya kanisa, akampa mkono, akamwambia pole kwa msiba, akidhani anajua.

Mama mkubwa alipiga simu mara moja tu. "Ulimzika mama yangu, ukanizika na mimi," alisema, akakata. Tulipohamia Louisville mama alimpigia kila Krismasi. Simu ililia ng'ambo ya pili mpaka ikanyamaza yenyewe, na sisi watoto tukaizoea kama sehemu ya sikukuu.

Kwa hiyo mama alipopata uraia na pasipoti, hakusema kingine. "Naenda Lyon."

Sasa, kwetu, aliyemkosea mkubwa wake hajiendei tu mlangoni akapiga hodi. Anatanguliza mtu. Mtu huyo asiwe wa tumbo lenu. Unampa maneno yako, yeye anakusemea, wewe umeinamisha macho, na jibu linarudi kupitia mdomo wake. Mtu wetu alikuwa Dijon: Tantine, dada yake marehemu baba, wifi yake mama. Na maneno ya namna hiyo hayatumwi kwa simu, yanataka watu waketi. Mama alikuwa ameuliza kanisani, akaambiwa iko treni ya polepole inayopita Dijon, na kwamba kutoka hapo mpaka Lyon kuna muda wa kutosha watu wawili kuzungumza. Alikuwa na ratiba yake kabla mdogo wangu hajafungua kompyuta.

Tukasafiri. Mama hakulala ndani ya ndege hata kidogo. Kila nilipofumbua jicho nilimwona anachezesha midomo, na nikajua hasali, anapanga maneno yake. Miguu ilimvimba, viatu nikamvua, kuvivaa tena Paris ikawa kazi. Mimi nilikuwa nimetoka kazini ghalani, huko kwetu South End, nimebeba maboksi wiki nzima, nimechoka mpaka nywele. Halafu tukatokea mahali ambapo mshale unaonyesha chini: treni ya Lyon, hiyo hapo, ngazi tu. Kumbe ili kuifikia treni ya mama tulitakiwa kuingia mjini na masanduku yetu, kwenda stesheni nyingine kabisa. Aa! Nikaketi juu ya sanduku.

"Mama, nakuomba. Tupande hii. Tantine atatukuta Lyon."

Hakunikaripia. Angenikaripia ningeshinda, maana kwa ukali nimemrithi yeye.

"Nikifika kabla yake," aliniuliza, "nitasimama wapi?"

Niliutazama tena ule mshale wa chini.

"Akinifungia mlango, mwanangu, sina dada tena. Nitarudi Louisville kungoja nini?"

Nilisimama. Nilimpenda mama siku ile kwa namna iliyoniuma, mwanamke mzima, viatu havimwingii, anaogopa mlango. Nikavuta masanduku yote mawili.

Treni yenyewe sasa! Inasimama kila penye nyumba mbili na mti. Kaka aliandika kutoka Buffalo: "Mmefika?" Nikamjibu tuko shambani kwa watu. Mdogo wangu akatuma picha ya ile treni ya kasi, bila neno. Nikamtumia kicheko, kwa sababu nilijua yeye pia yuko macho chumbani kwake karibu na chuo, roho juu.

Mama alijaribu kunisomea maneno yake. "Dada yangu, mimi..." Akaanza tena, akaishia palepale. Nikamwambia aache, Tantine atayatoa. Tantine naye aliandika kwamba yuko njiani, tumpe namba ya behewa. Nilimpa. Tulipokaribia Dijon mama alifungua mkoba, akatoa kitambaa safi, akajifunga kichwani upya bila kioo.

Nilikwenda mlangoni nimpokee Tantine mzigo. Alikuwa hapo, kitambaa cha rangi ya chungwa, thermosi mkononi. Na kando yake alisimama mwanamke mwenye koti la kijani na paji la uso la mama yangu.

"Yesu wangu," nilisema.

Mama mkubwa alinitazama kuanzia juu mpaka chini. "Wewe ndiye yule aliyekuwa akinililia mgongoni usiku kucha? Sogea basi, treni itatuacha. Mama yako yuko wapi?"

Nilinyoosha kidole tu. Tantine alininong'oneza tukimfuata: "Nilimwambia mama yako yuko njiani. Akaniuliza anakuja na treni gani, akakata simu. Asubuhi hii nafungua mlango, huyo hapo, ametoka Lyon peke yake."

Mama alituona akasimama. Kisha akaanza kupiga magoti palepale katikati ya viti, watu wanatazama. Mama mkubwa akamdaka kwapani.

"Inuka, wee, utaumia! Ukubwa jalala. Ulitaka nikae nyumbani nikungoje kama hakimu?"

Walilia. Mimi na Tantine tulilia. Mzungu mmoja mwenye gazeti akatupa nafasi yake ili tukae wanne tukitazamana, na Mungu ambariki. Tantine akamimina chai, akapuliza kikombe chake, akasema: "Donc, basi, mimi kazi sina tena. Nishukie kituo kipi?"

Tukacheka. Lakini mama mkubwa alijipangusa uso, akajiweka sawa kitini.

"Hapana, wifi. Maneno yasemwe. Nimeyangoja sana."

Basi yakasemwa, kwa utaratibu wake. Mama aliinama mbele, akamnong'oneza Tantine sikioni. Mama mkubwa alikuwa hapohapo kando ya Tantine, magoti yake na ya mama yanagusana, lakini aligeukia dirishani, akatazama mashamba ya mizabibu yanavyopita, kama mtu asiyesikia. Ndivyo inavyotakiwa. Kisha Tantine akakohoa, akaweka kikombe chini.

"Mdogo wako amenituma. Anasema: nilikuficha kifo cha mama kwa sababu niliogopa kupoteza wawili kwa mara moja. Mtoto alipozaliwa, nikaogopa hasira yako. Woga wa kwanza nilikuwa na haki nao. Wa pili ndio kosa langu. Nakuomba radhi, dada yangu."

Mama alikuwa ameinamisha macho. Mikono yake, inayoosha wazee wa watu kila siku Louisville, ilikuwa inakunja na kukunjua upindo wa nguo yake. Treni ikasimama mahali, mlango ukafunguka na kufungwa. Nilitamani mama mkubwa aseme chochote, hata tusi.

"Mwambie nimesikia," alisema mwishowe, bado anatazama nje. "Nimesamehe. Lakini kuna kitu kimoja kimenikosesha usingizi miaka hii yote. Mwulize, mama alizikwa amevaa nini?"

Tantine aligeuka alipeleke swali. Mama hakumngoja.

"Kitenge chako," alisema, akainua macho. "Kile cha majani ya kijani ulichoniachia siku ulipoondoka. Sikuwahi kukivaa. Nilimvisha hicho ili na wewe uwepo."

Tantine akachukua tena kikombe chake. Mama mkubwa aliacha dirisha, akamtazama mdogo wake, na hakumtuma mtu tena.

"Basi nilikuwepo," alisema.

Akaniomba nimpishe kiti kando ya mama. Nilimpisha, naye akamlalia mdogo wake begani mpaka Lyon.