Sombe ya Jana

Nimenunua kalamu nyingine. Usinicheke kwanza. Ni zile kalamu za kutia wino zinazotengenezwa chache tu, rangi moja kwa msimu mmoja, kisha kiwanda kinaacha na aliyechelewa atajijua mwenyewe. Hii ni ya kijani kizito, na ukiigeuza juani unaona mawingu ya kahawia ndani yake. Ilikuja na kichupa chake cha wino kwenye boksi moja, eti vimefanana. Havikufanana hata kidogo. Nilichovya kijiti cha kioo, nikachora mstari kwenye karatasi, ukatoka na ubluu wa bwawa la kuogelea.

Basi nikatoa vichupa vyangu vyote vya kijani, nikachora mistari kwenye vipande vya karatasi na kuvilaza kimoja kimoja juu ya kalamu. Ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa. Tulikuwa tumekwisha kufyeka majani kando ya barabara, kila mtu amerudi kwake, na hapa Kagarama palikuwa kimya hadi nikaisikia friji. Mstari mmoja ulinishtua. Nikauchukua pamoja na kalamu, nikatoka navyo hadi mlangoni penye mwanga, nikauliza kwa sauti, "Imekubali?"

Naishi peke yangu. Nilibaki nimesimama pale na kipande changu cha karatasi, na nilijionea huruma.

Bibi aliyenilea, mama wa mama yangu, alikuwa fundi cherehani kule Rwezamenyo. Cherehani yake nyeusi ya kukanyaga ilikaa chumba cha mbele, na nyuma yake ukutani palikuwa na kamba yenye nguo zinazosubiri wenyewe. Ng'ambo ya njia aliishi jirani aliyekuwa akipiga pasi nguo za watu kwa pasi ya mkaa. Akiitikisa, majivu yanaruka mpaka kwetu, na Bibi anakohoa kwa makusudi ili asikike. Jirani anacheka. Baadaye analeta mandazi yakiwa bado ya moto, yamefungwa kwenye karatasi inayochuruzika mafuta, na wanasahau habari ya majivu hadi kesho yake.

Kazi yangu, nikitoka shule, ilikuwa kuchagua uzi. Ukitazama mbali unaiona ni kazi ndogo, lakini uzi usiofanana na kitambaa unaonekana toka ng'ambo ya njia, na mwenye gauni haridhiki tena. Bibi alinifundisha kwamba uzi ukiwa kwenye kijiti chake unadanganya. Umejazana, kwa hiyo unaonekana umekolea kuliko ulivyo. Unavuta unyuzi mmoja tu, unaulaza juu ya kitambaa, unatoka navyo mlangoni. "Ndani ya nyumba rangi zote ni ndugu," alikuwa akisema. Wino nao una tabia hiyohiyo. Kwenye kichupa kijani chochote ni cheusi.

Siku zile, nikiwa pale mlangoni na uzi, Bibi hakuwa akiinuka. Alikuwa akibaki kwenye cherehani, mkono juu ya gurudumu, anauliza, "Imekubali?"

Nikisema bado, ananiambia niangalie tena. Nikisema imekubali, ananiambia vilevile niangalie tena. Nilikuwa nanuna. Nikishasema mara ya pili ndipo anaukata uzi kwa meno na kuanza kushona, na hapo hakuna tena wa kumzuia.

Halafu ilikuwa lazima nimweleze rangi yenyewe. Kumwambia ni kijani tu hakukumtosha. Kijani cha nini? Kwa hiyo tulikuwa na majina yetu. Kulikuwa na chai iliyosahauliwa jikoni. Kulikuwa na udongo wa njia yetu baada ya mvua, na udongo huohuo ukishakanyagwa. Kulikuwa na sombe ya leo, ile mboga ya majani ya muhogo iliyotoka sasa hivi kwenye chungu, bado ina kijani chake. Na kulikuwa na sombe ya jana, iliyolala na kupashwa moto, imeingia ukahawia. Hilo nililizua mimi siku moja nikiwa na njaa. Bibi alicheka mpaka akafuta macho kwa upindo wa kanga, kama alivyokuwa akiyafuta kutwa nzima, na tangu siku ile likawa jina rasmi.

Tangu Bibi afariki nimekaa na majina hayo, na sina wa kuyasema naye. Kimihurura, karibu na ofisini kwetu, kuna watu wachache wanaopenda kalamu kama mimi, na tunakutana kwenye mkahawa mmoja kulinganisha rangi. Ni watu wazuri, wana mikoba ya ngozi na maneno mengi. Siku moja nilionyesha wino wangu nikawaambia, huu ni sombe ya jana. Mmoja akatabasamu kwa adabu, akaniuliza kama nimekula.

Sasa nikuambie jambo ambalo wale hawalijui. Kalamu zangu nyingi hazijawahi kutiwa wino. Wenzangu hudhani nazitunza zisichakae, nami nawaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba nafika mlangoni, nauliza, hakuna anayeniambia niangalie tena, basi narudisha kichupa kabatini. Naona aibu kusema hivi, lakini siwezi kuamua rangi peke yangu. Tulizoea kuamua wawili.

Jumamosi ile sikurudisha. Nilitia kalamu na kile kipande cha karatasi kwenye mkoba, nikapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Rwezamenyo.

Nyumba yetu haipo. Pamesimama ghorofa yenye duka la simu chini, na mlango wake ni wa kioo, unafunguka wenyewe ukiukaribia. Niliukaribia, ukafunguka, sikuwa na cha kununua. Lakini ng'ambo ya njia, kwenye kigoda, alikuwa ameketi yule jirani wetu. Amezeeka, na siku hizi binti yake ndiye anayepiga pasi, ya umeme.

"Yewe! Mutoto ya fundi!" alipiga kelele. Akanikumbatia muda mrefu, akamwagiza binti alete chai ya tangawizi.

Tulipokwisha kuulizana habari za wazima na za waliotangulia, nilitoa kalamu yangu na ile karatasi, nikamwekea mapajani. Nikamwomba aniambie kama zinafanana.

"Sasa unaniuliza mimi, kwa nini? Wewe ndiyo ulikuwa macho ya mukecuru, bibi yako."

Nilicheka, nikidhani ananitania.

"Hapana, sha, sicheki. Macho yake iliisha zamani, wewe ukiwa bado kadogo. Alikuwa anaona mwangaza tu. Kushona alikuwa anashona na vidole. Rangi, hapana. Wateja wote tulikuwa tunajua."

"Mbona mimi sikujua?"

"Alitukataza. Alisema ukijua utaogopa, na ukiogopa utakosea."

Chai ilipoa mkononi mwangu. Nilikuwa nikizifikiria zile nguo zote, magauni ya harusi, kanzu za Idi, sare za shule, zilizotembea Rwezamenyo nzima kwa neno la mtoto aliyenuna mlangoni. Miaka yote nimemlilia mtu wa kuangalia pamoja nami, kumbe pale mlangoni nilikuwa peke yangu tangu mwanzo. Iliniuma. Ilinifurahisha pia, sitakuficha, lakini kuuma ndiko kulikotangulia.

Nikasimama, nikatoka hadi katikati ya njia penye jua. Nililaza karatasi juu ya kalamu. Nikaangalia, nikaangalia tena. Jirani alikuwa akinitazama kutoka kwenye kigoda chake.

"Imekubali," nilisema.

Nilipofika nyumbani niliijaza, na haya yote nimekuandikia kwa kalamu hiyo. Vidole vyangu vimechafuka vibaya. Na kuna kitu nimekiona tangu nianze, kitu ambacho hakuna kichupa kinachokitaja. Kila neno linatoka kwenye ncha likiwa sombe ya leo, bichi, linang'aa, na kabla sijafika mwisho wa mstari limekauka, limekuwa sombe ya jana. Ningependa sana kumwambia Bibi. Ningemweleza rangi zote mbili kwa majina yetu, taratibu, mpaka azione, naye angeniambia niangalie tena.