Mjukuu Aliyejibu Nne

Kila Jumamosi saa sita mchana, katika chumba cha kushonea shuka za hospitali, mshonaji aliegemeza simu yake kwenye kopo la vifungo, na uso wa mtoto wa miaka minne ukatokea kwenye kioo. Mtoto huyo alikuwa mjukuu wake, mzaliwa wa Korea. Mama yake, binti pekee wa mshonaji, alikwenda huko kusoma, akaolewa, akazaa, na miezi minane iliyopita akaugua wiki mbili, akafa. Alizikwa huko huko. Mshonaji alitumiwa picha za kaburi, akazitazama moja moja, akarudi kwenye cherehani. Shuka zilikuwa zimerundikana.

Watu walimsubiri alie. Hakulia. Alikuwa kama mkono uliolaliwa: unauona, unajua ni wako, ila ukiufinya hausikii kitu.

"Umekula, bibi?" mshonaji alimuuliza mtoto, akimwita bibi kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kike.

"Ne."

"Nne nini tena?"

Mpiga pasi, ambaye wote walimwita Redio kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, aliangua kicheko. "Shoga, huyo atakuwa mhasibu. Umekula, nne. Umelala, nne!"

"Anataja umri wake," alisema mshonaji. "Ndicho Kiswahili alichoachiwa na mama yake. Namba moja tu."

Mkwe wake alikuwa mtu mpole, lakini kati yake na mama mkwe kulikuwa na maneno mawili tu: "Sawa, mama?" na "Jumamosi?" Mengine aliyaandika akayapitisha kwenye programu ya kutafsiri. Wiki ile aliandika hivi: Mtoto anachoka kukaa bila mazungumzo. Labda tupige mara moja kwa mwezi.

Mshonaji aliusoma ujumbe mara mbili. Mara moja kwa mwezi, na baadaye mara moja kwa mwaka, kisha kadi. Akakata uzi kwa meno, akaamua kujifunza Kikorea.

Alianza na programu ya simu. Baada ya wiki tatu aliweza kusema tufaha ni jekundu. Jumamosi akamwambia mtoto, kwa Kikorea, kwamba tufaha ni jekundu. Mtoto akageuka nyuma kulitafuta.

Akaenda maktaba. Mkutubi alimtolea kitabu kimoja, akakipangusa vumbi kwa kiwiko. Kilikuja na diski ya sauti, ila diski ilishachukuliwa na mtu, na maelezo ya kitabu yalikuwa ya kusomwa na maprofesa. Hata hivyo kilikuwa na jedwali la herufi, naye akalinakili kwa chaki ya fundi juu ya meza ya kukatia. Duara kama kifungo, mstari kama sindano. Kila jioni mfagiaji alilifuta, kila asubuhi mshonaji akaliandika upya. Akajaribu na video za msichana mmoja mchangamfu, lakini maneno yake yalimwagika kama maji ya ndoo, na kioo cha simu kikajaa mafuta ya cherehani kwa kumsimamisha simamisha.

Ni Redio aliyemkumbuka mlinzi wa geti, ambaye zamani alijenga daraja chini ya wasimamizi wa Kikorea.

"Dada yangu, Kikorea changu ni cha matusi na zege," alisema mlinzi.

"Nipe cha zege."

"Basi sikia. Msimamizi akipiga kelele 'pali pali', sisi tunasogea mbali mbali. Anazidi kufoka, tunazidi kusogea. Kumbe anasema haraka!"

Redio alishika mbavu. Mshonaji alitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Kesho yake mlinzi alimletea daftari lake la siku zile, kurasa zimegandana kwa saruji, maneno yameandikwa kwa herufi za kawaida kama sikio lilivyoyapokea. Mstari wa kwanza kabisa ulipigiwa mistari miwili: NE = NDIYO. SIYO NNE!!

"Hapa kulitokea nini?" aliuliza mshonaji.

"Ah! Nilimuuliza bosi, mchanga tulete? Akasema ne. Tukaleta ndoo nne, tukakaa. Tulidhani hajui kitu, kumbe Kiswahili alishakiokota. Alitusikia muda wote, dada. Mdomo tu ndio ulikuwa wa kwao."

Mshonaji alifunga daftari. Umekula? Ndiyo. Umelala vizuri? Ndiyo. Na mwezi ule wa kwanza baada ya msiba alikuwa ameuliza, "Unamkumbuka mama?" Mtoto akasema ne, naye akamjibu, "Haya, nne, umekua."

Huenda mtoto alikuwa akiitikia tu, kama watoto wanavyoitikia wakubwa. Hilo nalo alilifikiria, siku nne nzima, huku akipinda shuka.

Jumamosi Redio alizima pasi bila kuambiwa. Mtoto alikuwa amekaa upande, mguu mmoja tayari sakafuni.

"Bibi," alisema mshonaji, "pua iko wapi?"

Mguu ulisimama. Mtoto alimtazama. Kisha akaweka kidole kwenye pua.

"Masikio?"

Mikono yote miwili ikaenda masikioni.

"Tumbo?"

Mtoto akainua fulana kabisa, akalionyesha. Nyuma yake mkwe alitokea na kitambaa cha vyombo mkononi, akasimama hapo hapo.

"Tena," alisema mtoto, akiivuta ile sauti ya kwanza kama alivyokuwa akiivuta mama yake. "Teena."

Mshonaji alingoja kilio kimpande kifuani. Hakikupanda. Akauliza tena pua, tena masikio, tena tumbo, mpaka mtoto akachoka kwa kucheka.

Mkwe aliinama kwenye kioo. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Jumamosi?" aliuliza.

"Ne," alisema mshonaji.